Fundi wa Giaboksi na Mafungu Matatu ya Lawama

Wapo watu pale Mbeya mpaka leo watakuambia kwamba yule mzee alifunga gereji yake kwa sababu aliogopa laptopu. Nimeyasikia maneno hayo kwenye maduka ya spea, nimeyasikia kwenye foleni ya mizani, nimeyasikia hata nje ya kanisa baada ya ibada, na kila nikiyasikia napandwa na hasira kana kwamba nimetukanwa mimi. Mzee hakuogopa laptopu. Hakuogopa kitu chenye waya, wala chenye meno, wala chenye pesa. Nataka niliseme hilo kabla sijasema lingine, na asiyetaka kuendelea aishie hapo hapo.

Jina lake silitaji. Sote tulimwita Fundi. Mafundi wa magari Mbeya wamejaa kila kona, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, mtu anajua unamsema yule wa giaboksi, mfupi, mweusi wa jua na grisi, mwenye shingo nene na kofia ya sufu hata mwezi wa kumi. Nilimjua kwa miaka kumi na moja, nikiwa dereva wa Hajati, mama mfanyabiashara mwenye pikapu saba za dizeli, zote otomatiki. Tulikuwa tunapanda mlima kutoka Mbeya na kuteremkia Chunya, kuwapelekea wachimbaji wadogo wa dhahabu unga, mabomba, mota na vyuma vya makarasha yao ya kusagia mawe. Mlima ule haucheki na mtu. Gari likitoka salama kwenye mlima ule, linaingia kwenye vumbi la Chunya, na vumbi nalo lina yake.

Kwa hiyo tulikuwa wageni wa Fundi kila mara, na gereji yake niliijua kuliko sebule ya mke wangu.

Alikuwa na sinia jeupe la bati lenye ukingo wa bluu, la aina ile ya kupakulia wali wa harusi. Gari likiingia na malalamiko ya giaboksi, kabla ya jambo lolote alilala chini yake, akafungua nati, akamwaga oili kidogo kwenye lile sinia. Kisha alimwita mwenye gari. Simaanishi dereva, namaanisha mwenye gari. Alimkalisha kwenye kigoda na kumwambia achovye kidole. Nimewaona watu wenye suti wakichovya. Nimemwona mchungaji akichovya.

"Nusa," Fundi alisema.

"Nimenusa."

"Unasikia nini?"

"Sijui, Fundi. Mafuta tu."

"Nusa tena. Nyumbani kwako maharage hayajawahi kuungua?"

Hapo mtu alikunja uso, kwa sababu ni kweli, oili ya giaboksi iliyoungua inanuka maharage yaliyosahauliwa jikoni. Fundi hakusema neno tena. Alimwacha mwenye gari alitamke mwenyewe.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake: giaboksi haifunguliwi mwenye nayo hayupo. Tajiri mmoja mwenye shimo la dhahabu Chunya aliwahi kumtuma dereva alete gari, yeye akabaki na mambo yake. Fundi alilisukuma gari lile pembeni, likakaa wiki tatu likinyeshewa. Tajiri alipiga simu kila baada ya siku mbili, na siku moja mimi nilikuwepo, simu imewekwa sauti ya juu.

"Fungua bwana, mimi nakuamini."

"Sikuombi uniamini. Nakuomba uje uone."

"Nina kazi huku, Fundi."

"Na mimi ninayo huku. Gari halili ugali, litakungoja."

Mwishowe tajiri akaja amevimba, akakaa kwenye kigoda, akaona sahani za klachi za ndani zikitoka moja moja nyeusi kama chini ya sufuria. Alikuwa amejiandaa kugomba, lakini alichosema ni, "Kumbe." Fundi akamjibu kwamba hiyo kumbe ndiyo aliyokuwa akiingoja wiki tatu.

Pua yake aliitunza kuliko macho. Asubuhi alikula kiazi kitamu cha kuchemsha na chai ya rangi isiyo na tangawizi wala mdalasini, kitunguu hakukigusa mpaka jioni, na mvutaji wa sigara alitakiwa asimame ng'ambo ya barabara. Lakini ovaroli yake yenyewe ilinuka kiasi kwamba mkewe aliitundika mtini nje ya uzio, na wezi waliopita mtaa mzima wakiiba nguo kwenye kamba hawakuigusa. Tulimtania kwa hilo. Alisema mwizi naye ana pua.

Alikuwa na mengi ya kupingana hivyo. Aliimba besi kwenye kwaya kwa sauti iliyomtia mwalimu wa kwaya majaribuni, ila kwenye gereji hakutaka redio, alisema inamzuia kusikia chuma. Alikuwa mkali kwa matajiri, halafu nikamkuta ameinama akimfungia mama muuza ndizi tairi la toroli lake, huku gari la mkuu wa idara fulani linamsubiri. Wakati mwingine alikuwa mbishi bila sababu. Ukimwambia leo baridi, alivua kofia.

Sasa hao wanaosema aliogopa mambo ya kisasa, niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Otomatiki zilipoanza kujaa barabarani, mafundi wengi wa umri wake walizikimbia. Walisema hizo ni za Dar, hizo ni za kompyuta. Fundi, na miaka yake ilikuwa imeshapita sitini, alinunua simu ya kioo kikubwa akaanza kutazama video za mafundi wa nchi za mbali. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Alikuwa anasimamisha video kila baada ya pumzi mbili, anachora kile alichokiona kwenye kipande cha boksi, kisha anaendelea. Mchoro mmoja ulimchukua siku nne. Alifungua giaboksi mbovu moja akaifunga, akaifungua akaifunga, mpaka mkono ukazoea. Huyo ndiye mnayesema aliogopa laptopu.

Ugomvi wake haukuwa na laptopu. Ulikuwa na chipu.

Chipu, kwa asiyeijua, si kitu cha kushika mkononi. Mtaalamu anachomeka laptopu kwenye tundu lililo chini ya usukani na kubadilisha maagizo ya injini, ili ipewe dizeli na hewa zaidi, ivute kwa nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani. Pikapu iliyokuwa inapanda mlima wa Chunya ikilia, inapanda ikiimba. Sisi madereva tulipenda sana, na matajiri walipenda kwa sababu safari zilikuwa fupi. Aliyetuletea kazi hiyo Mbeya alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kidogo, mpole, msomi, tuliyemwita Injinia. Hakuwa tapeli. Ninalisema kwa sababu kuna wanaomtetea Fundi kwa kumchafua Injinia, na Fundi mwenyewe asingeukubali utetezi wa namna hiyo.

Fundi alikuwa na ukuta wa mbao ndani ya gereji, na kwenye ukuta ule alipigilia misumari. Kila giaboksi iliyokufa, alichukua sahani moja iliyoungua akaitundika. Za magari yaliyowekewa chipu alizitundika kushoto, za magari yasiyo na chipu alizitundika kulia. Kushoto palijaa haraka. Lakini kulia napo hapakuwa patupu, na kila mgeni aliyebisha alionyesha kidole upande ule wa kulia.

Siku Injinia alipokuja kumsalimia mara ya kwanza, mimi nilikuwa chini ya gari nikikaza shokapu, nikayasikia yote.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja kuniuzia nguvu?"

"Hapana, mzee wangu, nimekuja tuelewane. Nasikia unasema chipu inaua giaboksi. Mimi nabadilisha namba tu."

"Injini umeipa dizeli. Umeipa hewa. Giaboksi umeipa nini?"

"Giaboksi ina akiba. Kiwandani huwa wanaacha akiba."

"Naijua hiyo akiba. Iliwekwa kwa ajili ya mlima na kwa ajili ya mjinga. Wewe ukishaitumia kwa mbio, siku mjinga akija tutampa nini?"

Injinia alicheka. "Mjinga ni nani sasa, mzee?"

"Tupo wengi."

"Basi nieleze hizi za kulia. Hizi hazina chipu na zimekufa."

"Ndiyo maana sijazitoa," alisema Fundi. "Ningekuwa muongo ningezitoa."

Na mara moja tu, siku ya mvua isiyo na kazi, alinisimulia kwamba zamani, enzi za malori ya tumbaku ya Chunya, yeye ndiye aliyekuwa akizungusha skrubu ya pampu ya dizeli robo raundi ili lori lipande kama halina mzigo. Moshi mweusi ulionekana toka mbali, na madereva walimletea kuku. "Mimi nimevunja giaboksi nyingi kuliko huyo Injinia," alisema. "Ila nilikuwa nazivunja sijui. Yeye namwambia, ili akivunja awe anajua."

Sasa nifike kwenye jambo langu, kwa sababu nimezunguka vya kutosha.

Sisi madereva wa nyanda hizi tuna mazoea tuliyorithi kwa madereva wa malori. Ukimaliza kupanda, ukaliona bonde linafunguka mbele yako, unaweka fri. Unatoa gia kabisa, unaliacha gari lishuke lenyewe kwa uzito wake, injini ikinguruma kidogo tu. Dizeli usiyoichoma kwenye mteremko ni ya dereva. Tajiri anajua safari inakula lita ngapi, kinachobaki kwenye tangi unakinyonya na kupeleka nyumbani, na hakuna dereva anayekiita wizi. Kwa lori la gia za mkono, chuma kinavumilia. Kwa otomatiki ni mauaji. Gari linakimbia, vyuma vya ndani vinazunguka kwa kasi, lakini pampu ya oili inasukumwa na injini iliyolala, kwa hiyo vyuma vinakimbia vikiwa na kiu. Kisha chini ya mlima unarudisha gia ghafla, na zile sahani zinabeba kishindo chote.

Fundi alituambia hilo si mara moja. Tuliitikia ndiyo mzee, tukaenda zetu. Mimi nilishuka na fri kutoka kileleni mpaka tambarare kila safari ya Chunya, kwa pikapu yenye chipu, na nilijiona mjanja.

Siku giaboksi ya pikapu yangu ilipokufa, ilikufa Chunya mchana, mahali tambarare kabisa, mbele ya kibanda cha chipsi. Nilikanyaga mafuta, injini ikanguruma vizuri, gari likabaki limesimama. Watu wakacheka. Lilivutwa mpaka Mbeya, na Hajati alikuja mwenyewe, kwa kuwa sheria ya Fundi aliijua. Alikuja na Injinia. Tukawa wanne kuzunguka lile sinia: Hajati kwenye kigoda na ushungi wake mweupe, Injinia amesimama, Fundi amechuchumaa, mimi nyuma nimeshika kofia yangu kwa mikono miwili.

Fundi alifungua polepole mno. Alitoa sahani, akazipanga kwenye kitambaa. Akatoa bushi moja, ile pete ya chuma ambayo mhimili unazungukia ndani yake, akaifuta, akaizungusha kwenye mwanga, akainusa, akaizungusha tena. 

"Hajati," akasema, "hapa kuna mafungu matatu."

"Mafungu ya nini?"

"Ya lawama. Tazama hizi sahani, zimeungua taratibu, za kahawia kwanza, nyeusi baadaye. Hilo ni joto la kupanda. Nguvu imezidi mzigo uliopimwa. Hilo fungu ni la chipu, na ni kubwa." Kisha akainua ile bushi. "Lakini hii haikuungua kwa kupanda. Hii imelika kwa kukosa oili, huku inazunguka kwa kasi. Hii ni ya kuteremka. Dereva wako anashuka na fri."



"Na la tatu?" Hajati aliuliza.

"La tatu ni langu. Miezi mitatu nyuma nilibadilisha oili ya gari hili. Ilikuwa inanuka. Ulikuwa msimu wa safari nyingi, ukataka gari siku ile ile, nami sikukuita. Sinia halikutoka. Nikajaza oili mpya nikaliachia liende. Ningekuita siku ile, tusingekuwa hapa."

Nimekaa na watu wengi wa kila dini na kila kabila, na sijamwona mwingine akijishtaki hivyo bila kushikwa. Hakuna aliyejua habari ya ile oili. Angekaa kimya, ingezikwa.

Hajati alimgeukia Injinia. Injinia alisema kwa heshima kwamba chipu yake ina kikomo, na gari lenye oili nzuri, linaloendeshwa vizuri, haliwezi kuungua kwa sababu yake. Yeye fungu hilo halichukui. Hajati akanigeukia mimi.

"Na wewe? Unashuka na fri?"

Nilikuwa na watoto watatu. Nilikuwa na dumu la dizeli nyumbani chini ya kitanda. Nikatazama ile bushi mkononi mwa Fundi, nikasema, "Haki ya Mungu, Hajati, sijawahi."

Fundi aliinua macho akanitazama. Hakuwa amekasirika. Aliitazama tena bushi, kisha akanitazama tena mimi, kama mtu aliyesoma barua na kuambiwa kwamba haikuandikwa hivyo.

Hajati alikuwa mwanamke wa haki kwa kadiri alivyoweza, na alikuwa anampenda Fundi. Alishusha sauti. "Fundi, wewe siku zote unasema chipu. Ukuta wako wote unasema chipu. Sema basi ni chipu, huyu Injinia nitaachana naye, magari saba yanabaki kwako, yaishe."

Injinia akatazama chini. Mimi nikaomba kimoyomoyo mzee aseme ndiyo. Lilikuwa neno alilolipigania miaka yote, na sasa analetewa kwenye sahani pamoja na ulaji wake.

"Chipu ni fungu moja, Hajati. Nikisema ndiyo peke yake, utaitoa chipu, na gari litakufa tena mlimani kwa fri."

"Dereva ameapa."

"Nimemsikia."

"Kwa hiyo anasema uongo?"

"Mimi nasoma chuma. Kusoma mtu sijasomea."

"Wawili wamekataa, mmoja amekubali," alisema Hajati, na sasa sauti ilikuwa ya biashara. "Mimi simwoni wa kumshika ila aliyekubali. Aliyebaki ni wewe, Fundi."

"Sawa, Mama. Yatoe magari. Ila wakikuuliza, waambie nilisema matatu."

Ndivyo ilivyokuwa. Pikapu saba zilihama, na zilipohama zile saba, na nyingine zikafuata, kwa kuwa habari ilikuwa tamu: Fundi mwenyewe amekiri aliharibu gari. Mwaka haukuisha. Alifunga, akarudi kwao Iringa na mkewe, na ukuta wake aliuacha vilevile umejaa misumari. Walioichukua gereji waliuza zile sahani kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ndipo ukazuka huo uvumi wa laptopu, na mimi nikiwa nimekaa katikati ya watu wanaousema, sikufungua mdomo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka minne. Fri niliiacha siku ile ile, si kwa wema, kwa hofu. Kila nikifika kileleni niliona ile bushi inazunguka kwenye mwanga.

Nilimwona tena mwaka huu. Hajati alinituma Iringa kuchukua mota ya karasha iliyokuwa inasukwa upya, na nilipopita Igawa nilijiambia sitamtafuta, nilipopita Nyololo nikajiambia nitamsalimia tu, na nilipoingia Iringa nikaulizia nyumba. Nilimkuta nje, kwenye benchi, mchana kweupe, amefungua bomba la kupulizia dawa ya nyanya. Kofia ni ile ile. Shingo ilikuwa imepungua.

"Kamwene, Fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Dereva wa Hajati." Hakuinua kichwa. "Nimelisikia gari toka kwenye kona. Ni lile lile."

"Ni lile lile, mzee."

Mkewe alitoka, akanisalimu kwa upole ulionichoma, akatuletea togwa. Nikatazama pale benchini. Mabomba ya dawa, baiskeli, kinu cha mkono cha kusagia karanga. Nikamuuliza kama Iringa hakuna giaboksi.

"Zipo. Wanakuja, nawarudisha. Giaboksi nimeacha."

"Kwa nini?"

Aliweka bomba chini. "Siku ile niliisoma bushi, nikaona fri kama ninavyokuona wewe. Ukaapa kwa Mungu. Nikasema labda macho yamekwisha. Usiku na mchana naizungusha ile bushi kichwani, naona fri, halafu nakumbuka umeapa. Sasa mtu asiyejua kama anachokisoma ndicho kilichoandikwa, afungue mali ya watu ili iweje?"

Alisema hivyo bila chuki hata chembe. Nilikuwa nimebeba miaka yote hiyo wazo kwamba anajua nilidanganya na ananidharau. Kumbe hakujua. Nilidhani nimemnyang'anya magari saba tu.

"Fundi," nikasema, "nilishuka na fri."

Alifuta mikono kwenye suruali.

"Kila safari. Toka juu kabisa mpaka tambarare. Niliapa uongo."

Nikaiweka togwa yangu chini. Nilikuwa tayari kwa matusi, nilikuwa tayari hata anipige na spana, ningemwachia. Yeye alinisogelea kidogo kwenye benchi na macho yake yakawa yale ya zamani, ya mbele ya sinia.

"Toka juu kabisa? Hukurudisha gia katikati?"

"Sikurudisha."

"Na ukiwa na mzigo?"

"Na mzigo."

"Baada ya pale uliacha?"

"Niliacha siku ile ile."

"Na chipu ilitolewa?"

"Haikutolewa. Ipo mpaka leo."

"Na giaboksi mpya waliyoliwekea?"

"Ndiyo iliyonileta. Haijafunguliwa."

"Miaka minne." Akahesabu kitu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine. "Haitelezi?"

"Imeanza mwaka huu kidogo. Kwenye mlima, ikijaa mzigo. Kwenye tambarare haina shida."

"Basi fungu la chipu lipo," alisema polepole. "Lipo, ila ni dogo. Nilisema kubwa mbele ya watu. Yule Injinia nilimwonea." Akanyoosha kiganja. "Namba yake unayo? Mpigie."

Nilimwambia kwamba hapana, mzee, wewe huna wa kumwomba radhi, wewe ndiye uliyedhulumiwa. Akanikata.

"Nimekuuliza kama unayo."

Nilipiga. Injinia alipopokea, Fundi aliichukua simu mkononi mwangu, akaishika mbele ya mdomo kama kipande cha mkate. "Kijana, ni yule mzee wa giaboksi. Lile fungu nililokupa lilikuwa kubwa kuliko lako. Lako ni dogo, lakini lipo, usije ukasema nimesema halipo." Injinia alijibu kitu kirefu ambacho sikukisikia. Fundi akaitikia, haya, haya, asante, akanirudishia simu.

"Sasa Hajati. Huyo ni wako, mimi simo."

Nilimpigia Hajati nikiwa pale pale kwenye benchi. Nilimwambia fri, nikamwambia kiapo, nikamwambia na dizeli ya chini ya kitanda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema niache gari hapo Iringa, atatuma mtu wa kulifuata, na niongee na karani wake kuhusu malipo ya siku zangu za mwisho.

Nilipogeuka kumwambia Fundi, hakuwepo kwenye benchi. Alikuwa ndani, nikasikia boksi la chuma likiburuzwa sakafuni na mkewe akimuuliza anatafuta nini, naye akimjibu kwamba anatafuta zile spana kubwa za giaboksi.

Niliweka funguo za pikapu pale kwenye benchi, nikaenda stendi, nikapanda basi la kurudi Mbeya nikiwa abiria.